Mgeni wa Kanisa Apewe Jembe Lini?

Ingia kanisa lolote Kisumu Jumapili asubuhi, liwe la Kianglikana, la Kipentekoste au lile la mabati lililofunguliwa juzi kule Nyamasaria, kuna dakika moja ambayo haikosi. Mwendesha ibada anawaomba wageni wasimame. Wanataja majina na walikotoka, mmoja anaongeza kwamba ameokoka na anampenda Bwana, makofi yanapigwa, wimbo wa kuwakaribisha unaimbwa, wanaketi. Baada ya ibada wanaelekezwa chumba cha nyuma kwa chai na mandazi, na mzee wa kanisa anaandika namba zao za simu kwenye daftari.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Kazi yangu kanisani ni uanafunzi, yaani kuwaandaa viongozi wa vikundi vya nyumbani, na daftari lile huishia mezani kwangu. Majina huwa mengi. Wanaorudi ni wachache, na wanaokaa mpaka tukawazoea ni wachache zaidi. Viongozi wapya wakiona hivyo hudhani ukarimu umepungua: tuongeze soda, tuwapigie simu Jumatatu, tuwape na kalenda ya kanisa. Mimi nadhani tunakosea penginepo. Tunamkaribisha mtu vizuri sana, kisha hatumruhusu kuacha kuwa mgeni.

Wahenga walilimaliza hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema methali hiyo kwa kejeli, hasa shemeji akikaa kupita kiasi. Lakini hakuna anayemkabidhi mpita njia shamba lake. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumba hiyo, na jioni atakula bila kubembelezwa.

Someni Injili kwa jicho hilo. Agizo lenyewe liko mwisho wa Mathayo, 28:19, "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi". Wale waliokuwa wakiambiwa hayo walikuwa wamefanywa wanafunzi namna gani? Hawakuketi darasani. Mwanafunzi wa rabi aliandamana na mwalimu wake, akala naye, akaona anavyosali na anavyowajibu wanaomtukana. Tena walitumwa kazi mapema kuliko ambavyo sisi tungethubutu. Katika Mathayo wanatumwa kuhubiri na kuponya katika sura ya 10. Petro anamkiri Yesu kuwa Kristo katika sura ya 16. Kwa kanuni za kamati zetu nyingi, Petro huyo angekuwa bado yuko darasa la ubatizo na asingeshika hata kikapu cha sadaka. Yesu aliwapa mikate waigawe, akawaagiza wakusanye vipande, akawatuma wawili wakamfungue punda, akamtuma Petro na Yohana wakaandae Pasaka. Kazi za mikono, nyingi kati ya hizo, na walizifanya wakiwa hawajaelewa nusu ya aliyosema.

Halafu kuna jambo ambalo huwashangaza viongozi wangu kila ninapolileta: Yesu mwenyewe, mara nyingi, ndiye aliyekuwa mgeni. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Alikula kwa Lawi, kwa Martha, hata kwa Simoni Farisayo. Zakayo hakualikwa kanisani. Aliambiwa ashuke juu ya mti kwa sababu siku ile Bwana angeshinda nyumbani mwake. Lawama waliyomtupia Mafarisayo na waandishi ilikuwa hii hii, Luka 15:2: "Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao." Na alipowatuma wale sabini, Luka 10, aliwakataza kubeba mfuko, akawaambia wakae katika nyumba iyo hiyo wakila na kunywa vya kwao. "Msihame-hame," anasema, na mimi kila nikifika hapo nahisi aliwajua wahubiri, namna wanavyonusa penye kuku.

Sisi wa huku magharibi mwa Kenya tunaujua uzito wa agizo hilo. Ukikataa chakula cha mtu umemkataa mwenyewe, hata ukiwa na sababu ya daktari. Nimeona mtumishi akienda kuombea nyumba Manyatta akiwa na chupa yake ya maji ya dukani, akainywa mbele ya uji aliokorogewa. Mahubiri yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeyasikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje ikiwa mgeni hakubali kupokea chochote kutoka mkononi mwake? Kwa hiyo ninawafundisha viongozi kuwatembelea watu wapya kabla ya kuwaalika, na kula walichopewa, omena iwe omena, strungi iwe strungi.

Wakristo wa kwanza walilipanga jambo hili kwa maandishi. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, cha mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa ya 2, ambacho kilipotea muda mrefu mpaka nakala yake ilipoonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Sura ya 12 inasema kila ajaye kwa jina la Bwana apokelewe. Akiwa msafiri asaidiwe, lakini asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kukaa nanyi, naye ana ufundi, afanye kazi, ale. Siku mbili, ya tatu jembe! Aliyeandika hivyo hakuwahi kufika Pwani yetu.

Ila jembe peke yake halitoshi, na ushahidi wa hilo uko jirani. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, ndio Quaker, yaani Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walianzisha misheni Kaimosi, muda mfupi baada ya reli kufika Kisumu. Waliiita misheni ya viwanda: injili pamoja na kupasua mbao, kujenga, kulima. Vijana walijifunza imani huku wakishika msumeno, na matunda yake tunayaona, kwa maana leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Lakini katika misheni nyingi za wakati ule, za madhehebu yote, Mwafrika alifanya kazi pamoja na mmisionari mchana kutwa, kisha ikifika saa ya chakula kila mtu akaenda kwake. Mtu anayepewa jembe bila kupewa sahani ni kibarua. Ndiyo maana uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937 uliwashtua watu: walokole walitubiana dhambi hadharani, Mzungu kwa Mwafrika na kabila kwa kabila, na wakaketi meza moja. Wazee wa ushirika huo wa walokole walioko Nyanza hadi leo husalimiana kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa tuje kwenye vikundi vyetu, maana hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

La kwanza ni lugha. Ibada tunaifanya kwa Kiswahili, vizuri kabisa, halafu chai ikimiminwa wote wanahamia Dholuo. Si kwa ubaya. Ndiyo lugha ya utani. Mluhya, Mkisii au Mturkana aliyekuja mara ya pili anabaki ameshika kikombe akitabasamu asichokielewa. Kiongozi wa kikundi nampa jukumu moja dogo lakini zito: akisikia utani, aurudie kwa Kiswahili. Mtu akicheka na wenzake ameshaingia ndani kuliko akipigiwa makofi.

La pili ni chakula. Kikundi huanza kwa chai na viazi vitamu. Zamu ikifika kwa mwenye uwezo, anaongeza mayai. Wa tatu anapika pilau, wa nne anachinja kuku, na wa tano, mama anayeuza mboga Kibuye, anatuma ujumbe kwamba watoto wake wanaumwa. Haumwi mtu. Aibu imemfunga mlango. Kwa hiyo sheria yetu haina msamaha: chai, na kitu kimoja cha kutafuna, kwa tajiri na kwa maskini. Matajiri hulalamika. Mmoja aliniambia ninamzuia baraka zake; nikamwambia azipeleke kwa jirani siku ya Jumatano, asimwambie mtu.

La tatu ni kazi, na hapa hatusubiri. Aliyekuja mara ya tatu anapewa kitu: kusoma andiko, kupanga viti, kumfuata mzee fulani kwa boda boda. Asiyejua kusoma anaomba. Asiyetaka kuomba kwa sauti anawasha jiko. Kufundisha, kushika pesa na kukaa na watoto ni mambo mengine. Hayo yanataka muda na watu wawili wa kumjua, na sibadiliki hapo hata nikiitwa mgumu.

Na kuna matanga. Sijui darasa kubwa la uanafunzi kuliko matanga ya huku kwetu. Muumini mpya anatazama: nani amekuja kuchota maji na kupasua kuni siku za katikati ya wiki, na nani ametokea Jumamosi ya mazishi na suti na kipaza sauti. Anajifunza bila kuambiwa neno. Kwa hiyo mtu mpya akifiwa, kikundi chote kinahamia kwake. Na jirani wa kikundi akifiwa, mtu mpya anakwenda nasi na sufuria mkononi. Yesu alisema watu wote watatutambua kuwa wanafunzi wake tukiwa na upendo sisi kwa sisi, Yohana 13:35, na hao "watu wote" huku kwetu wanapatikana wamekaa chini ya turubai.

Krusedi sizipingi. Zinaleta watu, na baadhi yao wangali nasi. Ninachoomba tu ni kwamba kabla ya kukodi jukwaa na spika, kamati inionyeshe nyumba zilizo tayari kupokea watakaonyoosha mikono.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kuhusu wanaofuata chai. Wapo. Kila kikundi kina wake, anafika maombi yakikaribia kwisha. Yesu alikuwa nao pia, na katika Yohana 6:26 aliwaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Aliwaambia hivyo siku ya pili, akiwa ameshawalisha. Sisi mtu wa namna hiyo tunampa vikombe aoshe. Wengine hawarudi tena. Wengine huanza kufika mapema, maana mwosha vikombe ndiye anayeshika ufunguo wa kabati la sukari.