Korongo la Mkulumuzi: shika jani kwanza, tunda baadaye

Swali ambalo sisi tunaotambua mimea tunaulizwa sana na wanaorudi kutembea Amboni ni hili: "Lile tunda linalika?" Mara nyingi mwulizaji analo tunda mkononi, limeshapondeka, na hana kingine. Hana jani, hana tawi, wala hakumbuki kama ulikuwa mti uliosimama wenyewe au mmea uliouparamia mti mwingine. Kwa tunda peke yake hatuwezi kumjibu, na anayemjibu kwa haraka anacheza na maisha ya mtu. Makala haya ni ya wale wanaopenda kutembea korongoni na wangependa kujua wanachopita kando yake.

Kwa asiyepafahamu, Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, ukishika barabara ya Horohoro. Mto Mkulumuzi unapita hapo katikati ya magenge ya mawe ya chokaa, yaliyojengeka chini ya bahari zama za Jurasiki, miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua huyeyusha chokaa taratibu, ndipo yanapotokea mapango na nyufa. Kwa mimea, nyufa hizo ndizo shamba lenyewe. Juu ya genge udongo ni haba na maji hukauka upesi, kwa hiyo huko kuna miiba mingi, utomvu mwingi na majani magumu. Ukishuka hadi kando ya mto unakuta kivuli na unyevu, na mikuyu yenye mizizi iliyoteremka juu ya jabali kutafuta maji. Basi kabla hujatazama mmea wowote, jiulize umesimama wapi. Mmea wa juu ya genge si rahisi kuukuta chini ukingoni, na kinyume chake.

Anza kujifunza kwa mti unaoujua. Chukua mkwaju. Mtu akiambiwa ashike jani moja la mkwaju, mara nyingi hushika kile kijani kidogo kama ukucha. Kile ni sehemu tu ya jani. Jani zima ni ule uzi wote wenye jozi nyingi za vijani pande mbili. Utajuaje? Tazama kwapani, pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Pakiwa na jicho dogo linalongoja kuchipua, basi kilichotokea hapo ni jani. Kwenye vile vijani vidogo hakuna jicho hata kwa kimoja. Ukishalizoea jicho hilo, umepata ufunguo wa nusu ya kazi yetu, na haukugharimu chochote.

Mbuyu na msufi majani yake yamegawanyika kwa namna nyingine, kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja kimoja. Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu waliozaliwa chini ya mibuyu: mche wa mbuyu hutoa kwanza majani mazima yasiyo na vidole. Ndiyo maana husikia watu wakisema mibuyu michanga haipo, kumbe wanaikanyaga.

Ukishajua jani ni lipi, tazama linavyokaa kwenye tawi. Ama majani mawili yanatazamana kila kwenye kifundo, yaani pale yanapotokea kwenye tawi, ama yanapishana, moja huku na jingine kule. Halafu tazama kama tawi likivunjika linatoa utomvu mweupe. Usiuonje, na usijiguse macho kabla hujanawa. Mnyaa, ambao wengi tunaujua kwa kupandwa uani na makaburini, una utomvu unaoweza kuumiza jicho vibaya sana. Ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Sasa tuje kwenye matunda yenyewe, maana hapo ndipo penye hatari. Mtandamboo, ambao kitaalamu ni Carissa spinarum, ni kichaka ambacho watoto wengi wa pwani wamekula matunda yake. Ni madogo, huwa mekundu halafu hugeuka zambarau hadi meusi, na ni matamu. Sasa fikiria kichaka kingine chenye majani magumu yanayong'aa, yanayotazamana, chenye utomvu mweupe, maua meupe yenye rangi ya waridi kwa mbali na harufu nzuri, na matunda yanayotoka kwenye wekundu hadi zambarau nyeusi. Hizo zote ni sifa za mtandamboo. Vilevile ni sifa za msunguti, mti ambao jamii nyingi za Afrika Mashariki zilichemsha magome na mizizi yake kupata sumu ya mishale. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja. Sumu ya msunguti huuvuruga moyo, na haihitaji nyingi.

Tofauti iko kwenye tawi. Mtandamboo una miiba, migumu na mirefu, na mara nyingi hutoka miwili miwili kwenye vifundo. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Maua ya mtandamboo hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi, ilhali ya msunguti hujikusanya kwapani mwa majani. Ila tahadhari: hata mtandamboo huwa na tawi moja moja lisilo na miiba ya kuonekana. Kwa hiyo usitazame tawi moja ukatosheka. Zunguka kichaka chote, shika matawi ya pande mbalimbali, na ukibaki na shaka yoyote, achana na tunda hilo.

Jozi ya pili ni mbungo na strofantho. Mabungo hayana mgeni Tanga. Mmea wake hupanda miti kwa vikono vinavyojisokota, maua yake ni meupe yenye koo la manjano, na tunda ni la mviringo lenye ganda gumu la rangi ya chungwa. Ndani mna mbegu zilizofunikwa na nyama chachu ile tunayoitengenezea juisi. Ndugu zake wa karibu, jamii ya Landolphia, ndio waliotoa mpira uliouzwa kutoka pwani hii kwenda ng'ambo katika karne ya 19, kabla ya mashamba ya miti ya mpira kushika soko.

Strofantho nayo hutambaa na kuparamia kwenye vichaka vya pwani. Majani yake hutazamana na ikivunjwa hutoa utomvu, kwa hiyo mtu anayetazama juu juu huiweka fungu moja na mbungo. Angalia ua: ncha za maua yake zina mikia mirefu inayoning'inia kama kamba. Tunda lake si duara. Ni mapembe mawili marefu, magumu, yaliyotanuka kila moja upande wake, na yakikauka hupasuka na kuachia mbegu zenye manyoya laini yanayopeperuka. Hii pia ilitumika kwenye mishale. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea kwenye msafara wa Livingstone wa mto Zambezi wa 1858 hadi 1864. Mswaki wake ulichanganyika na sumu hiyo kwenye vitu vyake, na alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yanapungua. Kutokana na mmea huo ilikuja kutengenezwa dawa ya moyo. Nalisema hili kwa sababu kuna watu husikia "ni dawa" wakadhani maana yake haina madhara. Dawa hiyo hupimwa kwa kiasi kidogo mno, na mmea wa porini hauna kipimo.

Mtipitipi hauna pacha wa kukuchanganya. Ni mmea mwembamba unaotambaa, wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile zinazotungwa shanga. Mbegu nzima ina ganda gumu, lakini iliyotafunwa au kutobolewa hutoa sumu kali. Mtoto mdogo asipewe shanga hizo. Mbarika nao, mmea wa nyonyo, ni hivyohivyo: usitafune mbegu zake hata kwa utani.

Upupu unastahili aya yake, kwa sababu huo hausubiri uule. Una vijani vitatu kama kunde au maharage, maua ya zambarau iliyokolea yanayoning'inia kwa vichala, na maganda yaliyopinda yenye manyoya ya rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, laini kama mahameli. Masika yakiisha na maganda yakikauka, manyoya yale hupeperuka kwa kuguswa kidogo tu, hata kwa upepo. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho mukunaini kinachosababisha muwasho. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, na aliyetangulia akiuona apige kelele wa nyuma wasikie. Ukishakupata, usijikune wala kujisugua, kwa sababu unayazamisha manyoya. Yanase kwa selotepu, au paka tope, liache likauke kisha libandue taratibu, ndipo uoshe kwa maji mengi. Nguo zako zifuliwe peke yake, la sivyo nyumba nzima itakuwa na habari zako.

Kule chini kwenye kivuli, penye jabali lenye unyevu na kuvu, tembea polepole. Ukibahatika utaona mmea mdogo uliojibana kwenye ufa, majani yake manene yenye manyoya mafupi, vikonyo vyote vikitoka mahali pamoja na kutandaa juu ya jiwe. Ua lake ni la zambarau inayoelekea buluu, na halina ulinganifu wa duara: sehemu mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa, na katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano. Hiyo ni saintpaulia. Ua linalopandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni Tanzania na Kenya, na spishi ya kwanza kupewa jina la kitaalamu ilitoka hapa mkoani Tanga. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huo mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili. Sisi bado tunauita saintpaulia, na nadhani tutaendelea hivyo kwa muda mrefu.

Mmea huu unategemea mti ulio juu yake. Mti ukikatwa kwa mkaa au kuni, jua hulipiga jabali, unyevu unakwisha na saintpaulia inakauka hata kama hakuna aliyeigusa. Halafu kuna wanaoigusa. Wanaofuga maua wanajua kwamba jani moja likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu huweza kutoa mche, basi mtu hujiambia jani moja halina ubaya. Wageni kumi wakijiambia hivyo kwenye ufa mmoja, kimebaki nini? Ukiutaka nyumbani, nunua uliozalishwa bustanini. Ule una maua makubwa zaidi na utavumilia chungu, tofauti na huu uliozoea ufa wa chokaa.

Hivyohivyo kwa mtapo, unaofanana na mnazi mfupi lakini hauna uhusiano wowote nao. Mtapo wetu wa pwani, Encephalartos hildebrandtii, uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, pale panapowekwa viumbe vilivyo hatarini zaidi kwa biashara ya kimataifa. Hauzai maua. Huzaa mbegu ndani ya vitu vinavyofanana na mananasi makubwa vinavyokaa katikati ya majani, na mti wa kiume ni mmoja, wa kike ni mwingine. Kuung'oa kwa ajili ya kupamba ua wa hoteli ni wizi.

Badala ya kuchuma, piga picha, lakini upige picha itakayotusaidia. Picha nzuri ya ua peke yake, nyuma pakiwa na ukungu, inapendeza kwenye simu na mara nyingi haitambuliki. Tunataka kwanza mmea wote kwa mbali, tuone ni mti, kichaka au mtambaa. Kisha tawi lenye majani kadhaa, ili tuone kama yanatazamana au yanapishana, na picha ya karibu ya kwapa la jani. Mgongo wa jani pia, maana wengi huusahau na ndiko yaliko manyoya na mishipa. Gome, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda. Weka kalamu au sarafu kando yake tupate ukubwa. Andika kama ulikuwa juu ya genge au chini ukingoni, na jina ulilotajiwa na mwenyeji, liwe la Kidigo, Kibondei, Kisegeju au Kisambaa. Programu za simu zinazotambua mimea zinasaidia kupata pa kuanzia, lakini nyingi zimefundishwa zaidi kwa mimea ya Ulaya na Marekani, na kwa vichaka vya pwani yetu hukupa jibu kwa kujiamini kuliko inavyostahili. Usile kitu kwa ushahidi wa simu.

Na kama mtu ameshakula tunda asilolijua, msingoje dalili. Msimtapishe, wala msimpe maziwa au mkaa wa kuni. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi, na mmoja wenu abebe tawi la mmea huo kwenye mfuko, likiwa na majani yake na tunda lake.