Je, wajua kwa nini Ohio ilikataa tume ya raia ya kuchora mipaka ya uchaguzi?

Tarehe 5 Novemba 2024 wakazi wa jimbo la Ohio, Marekani, waliulizwa kama kazi ya kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi iondolewe mikononi mwa wanasiasa na kupewa tume ya raia 15. Takriban asilimia 54 walisema hapana. Ajabu ni kwamba mwaka 2015 na 2018 wapiga kura wa jimbo hilo hilo walipitisha, kwa zaidi ya asilimia 70, marekebisho ya kuzuia uchakachuaji wa mipaka.

Uchakachuaji wenyewe ni huu. Chukua wapiga kura 15: chama kikubwa kina tisa, kidogo kina sita. Wagawe katika maeneo matatu ya watu watano watano. Warundike watano wa chama kikubwa katika eneo moja, kisha wanne waliosalia uwatawanye wawili wawili. Chama kidogo kinachukua viti viwili kati ya vitatu, na hakuna kura hata moja iliyoibwa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Ohio ilikataa ramani mara saba, lakini uchaguzi ukafanyika kwa ramani zilizokataliwa. Jaji mkuu wa wakati huo, Maureen O'Connor, Mrepublican, alipostaafu akawa kinara wa kudai tume ya raia. Saini zaidi ya 500,000 za kutaka pendekezo hilo lipigiwe kura zikapatikana.

Sasa tazama karatasi ya kura. Maneno yake yalipitishwa na bodi iliyoongozwa na katibu wa jimbo, Frank LaRose, ambaye pia alikuwa mjumbe wa tume ya wanasiasa iliyotakiwa kufutwa. Yaliandikwa kwamba tume mpya "italazimika kuchakachua" mipaka ili kupendelea vyama viwili vikubwa. Hoja ya walioyaandika ilikuwa kwamba pendekezo lilitaka viti vilingane na kura za kila chama jimboni. Watetezi wakajibu kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Mahakama, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliyaacha maneno hayo. Kwangu mimi, hapo ndipo pendekezo lilipovunjwa mgongo.

Kampeni nazo zikazidisha utata: mabango ya pande zote mbili yaliahidi kukomesha uchakachuaji. Aliyeuchukia kwa dhati, akasoma karatasi hiyo neno kwa neno ndani ya kituo, angeweza kabisa kuweka alama kwenye hapana.