Je, wajua ni kwa nini kampuni ya mikopo inakupigia simu wewe usiyekopa?

Shangazi yangu anauza mahamri na mbaazi Likoni, Mombasa, karibu na feri. Asubuhi moja simu yake iliita mikono ikiwa imejaa unga. Mwanamke aliyepiga hakumwuliza yeye ni nani. Alisema tu, "Mama Mahamri Feri?" Kisha akamwagiza amtafute kijana fulani, amwambie alipe deni lake kabla ya saa sita, la sivyo kila mtu anayemjua atapigiwa simu.

Shangazi hana mkopo popote. Hakumdhamini mtu, wala hajawahi kuipa kampuni ya mikopo nambari yake. Lakini lililomshangaza zaidi ni lile jina. Nyumbani hakuna amwitaye Mama Mahamri Feri, wala kwenye kitambulisho halipo. Ni jina ambalo mteja huliandika kwenye simu yake mwenyewe, ili siku akitaka kulipia mahamri kwa M-Pesa asikosee nambari. Jibu la swali letu limo ndani ya jina hilo: aliyepiga alikuwa akisoma orodha ya majina iliyotoka kwenye simu ya yule kijana, neno kwa neno, kama alivyoyahifadhi.

Inatokeaje? Programu ya mikopo ikishapakuliwa, kabla haijatoa hata shilingi, huomba ruhusa. Nyingi zimekuwa zikitaka kusoma majina yaliyomo kwenye simu, jumbe fupi, na hata kujua ulipo. Mtu anayetafuta elfu mbili saa nne usiku huku mtoto ana homa hasomi masharti. Anabonyeza "Ruhusu", tena "Ruhusu", tena "Ruhusu". Hapo orodha nzima inaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni, na hata akiifuta programu kesho yake, nakala imekwisha kuondoka. Jumbe fupi angalau zina sababu ya kibiashara: zile za M-Pesa huonyesha pesa zinazoingia na kutoka, na kwa hizo mkopeshaji hukadiria uwezo wa kulipa. Majina ya watu yana kazi nyingine, nayo huanza siku deni linapochelewa.

Benki hukopesha kwa hatimiliki ya shamba, kadi ya gari au hati ya mshahara. Mkopo wa KSh 3,000 hauna dhamana, na kumshtaki mtu kwa KSh 3,000 ni hasara tupu. Zamani wakopeshaji wa programu walikuwa na fimbo nyingine, yaani kupeleka jina la mdaiwa kwenye kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji, zile za CRB. Lakini Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali ambao haikuwa ikiwasimamia wasipeleke tena majina huko, baada ya umma kulalamika kwamba njia hiyo inatumiwa vibaya. Ikabaki aibu. Mtu aliyebanwa zamani alipeleka bangili kwa sonara ikawekwa rehani, na bangili ilikuwa yake. Siku hizi anaweka rehani watu: mama mkwe, mwajiri, imamu, muuza mahamri. Nao hawana habari.

Sheria, kwa kweli, ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na inakataza kuzitumia kibiashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Kisha mnamo Machi 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali. Hizo zinasema waziwazi kwamba mkopeshaji haruhusiwi kuingia kwenye orodha ya majina ya mteja ili awatumie watu ujumbe mteja akichelewa kulipa. Haruhusiwi kutisha, kutukana, wala kumwanika mtu mtandaoni. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha zilizo kwenye simu.

Adhabu pia zimetolewa. Aprili 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya KSh 5,000,000, baada ya malalamiko ya watu karibu 150. Septemba mwaka huohuo kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa KSh 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine ili kupiga simu na kutuma jumbe za vitisho. Hata hivyo, kiwango cha juu kabisa ambacho Kamishna anaweza kutoza ni KSh 5,000,000 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Mimi hapo sikubaliani na sheria. Ingefaa kichukuliwe kilicho kikubwa, maana kampuni inayokopesha maelfu ya watu kila siku inaweza kuihesabu faini hiyo kama gharama ya kazi.

Kuna simu za aina ya pili, zenye sauti tamu: "Hongera, umefuzu kupata mkopo wa elfu hamsini." Hukuomba. Hizi hazitoki lazima kwenye simu ya jirani. Hebu hesabu ni mara ngapi umeiandika nambari yako mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma: kwenye daftari la mlinzi langoni mwa jengo la afisi, kwenye fomu ya bahati nasibu ya duka kubwa, na kwa miaka mingi kwenye kitabu cha wakala wa M-Pesa, jina na kitambulisho vikiwa kando yake. Kanuni za 2021 za ulinzi wa data zinaruhusu kampuni kukutangazia biashara ikiwa tu nambari imetoka kwako, uliambiwa itatumiwa hivyo, ukakubali, na umepewa njia rahisi ya kujiondoa.

Singapore imeenda mbali zaidi. Huko mkopeshaji mwenye leseni, wa zile kampuni ndogo zisizo benki, haruhusiwi kabisa kumpigia mtu wala kumtumia ujumbe kutangaza mikopo. Anaweza kujitangaza kwenye tovuti yake, dukani pake, na kwenye orodha za biashara, basi. Nasi tungefaa kufuata njia hiyo. Idhini inayopatikana kwa kubonyeza "Ruhusu" mara tatu usiku ni idhini ya mtu aliye na shida, na hakuna mkaguzi awezaye kuipima. Simu ikishapigwa, lakini, kila mtu anajua imepigwa, kwa hiyo katazo la kupiga ni rahisi kulisimamia.

Upande wa Tanzania, ambako watu huiita mikopo ya namna hii kausha damu, Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ina tume yake ya kupokea malalamiko.

Ukipigiwa, usianze kwa kujitetea wala kueleza deni si lako. Uliza mambo mawili: jina kamili la kampuni, na nambari yangu mmeitoa wapi. Andika tarehe, saa na nambari iliyopiga. Ujumbe ukija, upige picha ya skrini kabla haujafutika. Angalia kama kampuni imo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu ya Kenya huichapisha. Kisha peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye kisheria anapaswa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90. Sheria hiyohiyo inatoa haki ya fidia kwa aliyeumizwa, naye si lazima awe ndiye aliyekopa.

Shangazi alipopigiwa mara ya pili alikuwa tayari. Aliweka simu juu ya meza, akabonyeza sauti ya nje ili wateja wasikie, akauliza, "Nambari yangu umeipata wapi?" Kimya kidogo, kisha simu ikakatwa. Haijaita tena tangu hapo. Lakini yule kijana, aliyekuwa akija kila asubuhi kwa mahamri manne na kikombe cha chai, siku hizi anapitia njia ya nyuma ya msikiti.