Mbuzi kazaa vitoto vina uvimbe shingoni: maswali na majibu kuhusu madini na tezi ya thairoidi

Haya maswali nayapata sana kwa wafugaji wa huku Moshi na Arusha, wengi ni wale wa kufugia ndani, mbuzi wa maziwa wawili watatu na ng'ombe mmoja. Nimeyaweka sehemu moja maana kila msimu wa kuzaa yanarudi yale yale na vitoto vinakufa bure.

Swali: Daktari, mbuzi wangu hapa Kibosho kazaa mapacha, mmoja katoka amekufa, mwingine manyoya yake machache mno na shingoni ana uvimbe pande mbili. Jirani anasema ni mkono wa mtu.

Pole sana mama. Sio mkono wa mtu. Ukiviona vyote pamoja, kuzaa mfu, manyoya haba, kitoto kinashindwa hata kusimama kinyonye, na huo uvimbe, cha kwanza kushuku ni upungufu wa madini joto, yaani ayodini, kwa mama yake wakati wa mimba. Tezi ya thairoidi ipo chini kidogo ya koromeo, imelikumbatia bomba la hewa, na inatengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima: joto la mwili, ukuaji, manyoya, ubongo. Homoni yake kuu inaitwa T4 kwa sababu inabeba atomi 4 za madini joto, kwa hiyo madini joto yakikosekana hakuna homoni. Hapo ubongo unaagiza tezi iongeze kazi kupitia homoni nyingine, TSH, tezi inahangaika, inatanuka, inazidi kutanuka na malighafi bado haipo, ndo rovu hilo unaloliona. Na mama mtu anaweza akawa anakula vizuri tu na mwili anao, anayeumia ni aliye tumboni.

Huyo aliye hai mkaushe, mpe joto, mkamulie dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, umnyweshe taratibu, halafu mwite afisa mifugo leo leo ampe madini joto kwa kipimo. Usimnyweshe ile ayodini ya kupaka vidonda, tafadhali.

Swali: Lakini huku mlimani kuna rutuba, kila kitu kijani, upungufu unatoka wapi?

Kijani ni maji na mbolea, madini ni habari nyingine. Madini joto yanayeyuka kirahisi kwenye maji, sasa mvua imepiga miteremko kama hii miaka na miaka, yanashuka na maji mpaka baharini, na ndo maana rovu lina historia ndefu kwenye nchi za milima, Himalaya huko, Alps huko. Halafu angalia na mnyama mwenyewe anakula nini: migomba iliyokatwakatwa, ambayo sehemu kubwa ni maji, majani ya kihambani, yaani shamba la nyumbani, pumba kidogo. Yaani anazaliwa, anazaa na anazeeka kwenye udongo ule ule. Sisi watu chumvi yetu hapa Tanzania ilianza kuwekwa madini joto kwa sheria miaka ya 1990, ila mbuzi anategemea wewe ukumbuke.

Swali: Napata mabaki ya kabichi soko la Kilombero bure, nawapa kila siku. Kuna shida?

Kidogo sio shida, kila siku na kwa wingi ndo shida. Kabichi, sukuma wiki na jamii yake, na mihogo pia, zina vitu ambavyo mwilini vinageuka kuwa thayosianati, na hiyo inazuia tezi isivute madini joto kutoka kwenye damu, kwa hiyo hata yale machache aliyokula hayaingii. Aina hii ukiongeza madini joto inasaidia. Ila kuna sumu nyingine, zaidi iko kwenye mbegu za jamii hiyo ya kabichi na mashudu yake, inazuia utengenezaji wenyewe wa homoni, hapo kuongeza madini joto hakusaidii sana, dawa ni kupunguza hicho chakula. Mbuzi mwenye mimba usimfanyie kabichi kuwa mlo mkuu, basi.

Swali: Kila uvimbe shingoni ni rovu?

Hapana, na hapa watu wanapoteza hela sana, kwa hiyo shika kwa mkono kabla hujanunua dawa. Uvimbe laini chini ya taya kabisa, unabonyea, na ukifunua jicho ndani ni peupe, hiyo mara nyingi ni minyoo imemmaliza damu. Uvimbe mgumu wa upande mmoja unaokuja kupasuka na kutoa usaha mzito ni jipu la tezi nyingine, hilo linaambukiza, mtenge. Na kuna kitoto kinanyonya vizuri, kimenona, kinaruka ruka, kina uvimbe laini juu ya koo, huo ni wa kunyonya maziwa mengi, unaisha wenyewe akikua, muache. Rovu lipo pale chini ya koromeo, kwa kawaida pande zote mbili, halina usaha.

Swali: Nimeambiwa na madini ya seleniamu yanahusika, ni kweli?

Kweli kabisa, na wengi hawaijui. T4 peke yake haina nguvu sana, mpaka itolewe atomi moja ya madini joto iwe T3, na vimeng'enya vinavyofanya hiyo kazi vimejengwa kwa seleniamu. Unaweza kuwa na madini joto na bado mnyama akadorora. Upungufu wake unaonekana pia kwa ng'ombe kubaki na kondo la nyuma, na ndama wenye misuli dhaifu. Lakini seleniamu nyingi ni sumu, inaua, sindano yake sio ya kujichomea kienyeji.

Chuma nacho kimo. Kimeng'enya kinachounganisha madini joto kwenye homoni kinahitaji chuma, wafuga nguruwe wa sakafu ya saruji msisahau kuchoma vitoto sindano ya chuma siku za mwanzo.

Swali: Magadi si yanatosha?

Hayatoshi. Wanayapenda, sawa, ila hayana madini joto ya kutegemea, na ya ukanda wetu yana floridi nyingi, ile ile inayoharibu meno ya watu. Nunua jiwe la kulamba au premiksi, yaani madini ya kuchanganya kwenye chakula, agroveti, soma mfuko uone ayodini na seleniamu zimeandikwa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: ng'ombe wa maziwa anahitaji kama milligramu 0.5 za madini joto kwa kila kilo ya chakula kikavu, akila kilo 12 ni milligramu 6 kwa siku. Kuzidisha nako kunaleta rovu. Na anza mapema, mimba ya mbuzi ni kama siku 150, ukisubiri wiki ya mwisho umechelewa.

Swali: Maziwa ya mnyama mwenye rovu tunywe?

Chemsha unywe, rovu haliambukizi. Ila maziwa yake yanakuwa na madini joto machache, kwa hiyo mtoto anayeyategemea hayo naye anapunjwa. Hakikisha chumvi ya jikoni ni ile yenye madini joto, na iwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, maana ukiiacha wazi madini yanapotea.