Lengo la Idara Lianze na Hali Ilivyo Sasa

Msimu wa kuandaa mpango wa mwaka ukifika, idara nyingi hufungua waraka wa mwaka uliopita, hubadilisha tarehe na kuupeleka mbele. Ndiyo maana sentensi kama "Kuboresha utoaji wa huduma" hudumu miaka nenda miaka rudi. Hakuna anayeipinga wala anayeweza kuthibitisha kuwa imetimia.

Lengo kuu ni mwelekeo, hali ambayo idara inataka kuifikia hata kama itachukua miaka mitatu au mitano. Lengo mahususi ni hatua inayopimika ndani ya kipindi cha mpango. Shughuli ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo waandaaji wengi wanapoteleza. "Kufanya mafunzo kwa watumishi 30" si lengo. Mafunzo yakishafanyika, kazini kutakuwa na tofauti gani? Jibu la swali hilo ndilo lengo. Mafunzo yenyewe yabaki kwenye safu ya shughuli.

Chukua mfano wa idara ya ununuzi. Badala ya "kuharakisha ununuzi", iandike: "Kupunguza muda wa kushughulikia maombi ya ununuzi kutoka wastani wa siku 21 za kazi hadi 12 ifikapo mwisho wa robo ya tatu. Mhusika: mkuu wa kitengo cha zabuni." Kwangu mimi, namba yenye uzito zaidi hapo ni 21. Bila takwimu ya mwanzo, 12 ni ya kubahatisha tu, na mwisho wa mwaka hamtajua kama mmesonga mbele au mmerudi nyuma. Kama takwimu hiyo haipo, msiibuni. Toeni majalada ya miezi mitatu iliyopita, mhesabu siku tangu ombi lilipopokelewa hadi hati ya ununuzi ilipotolewa. Ni kazi ya kuchosha, lakini mara nyingi hufichua pia mahali majalada yanapokwama, na kwa hiyo mnajua shughuli za kupanga.

Vigezo vitano vinavyotumika sana kupima malengo viliandikwa na mshauri wa masuala ya usimamizi, George Doran, mwaka 1981: lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mhusika, liwe la uhalisia na liwe na muda. Katika orodha nyingi za leo kigezo cha mhusika kimeondolewa na nafasi yake kupewa "kufikika". Napendekeza kirudishwe. "Idara itahakikisha" haitoshi, kwa sababu kwenye kikao cha tathmini anayejibu maswali ni mtu mwenye cheo. Doran mwenyewe alieleza kuwa si kila lengo litatimiza vigezo vyote vitano, kwa hiyo visigeuzwe sheria ya kukatalia mawazo mazuri.

Je, lengo liwe gumu kiasi gani? Tafiti za wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham zinaonyesha kuwa lengo mahususi lenye ugumu huleta utendaji bora kuliko kuwaambia watu "jitahidini mwezavyo", mradi wamelikubali na wana uwezo wa kulifikia. Lengo lililoandikwa na mkuu wa idara peke yake usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho halijakubaliwa na mtu. Waiteni wanaoshika majalada kila siku, wao ndio wanaojua kama siku 12 zinawezekana.

Kuna hatari moja zaidi. Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza jinsi takwimu inavyopoteza kuaminika pale inapofanywa chombo cha kudhibiti. Katika mfano wetu, watumishi wakibanwa na siku 12 wanaweza kurudisha maombi kwa visingizio vidogo ili siku zianze kuhesabiwa upya. Bainisheni basi saa inaanza kuhesabu lini, na wekeni kiashiria cha pili cha kulinda cha kwanza, yaani idadi ya maombi yaliyorudishwa.

Malengo mahususi matatu hadi matano kwa mwaka yanatosha idara moja. Kisha pitieni shughuli moja moja mkiwa na bajeti mkononi. Shughuli isiyo na fedha wala mtu wa kuifanya iondolewe sasa, na lengo lililoitegemea lipunguzwe kabla mpango haujasainiwa.