Je, wajua? Vidonge vya kuongeza damu vilivyosimamishwa Pemba

Jirani yangu wa Chake Chake, bibi anayelea mjukuu wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, alitumiwa sauti ya WhatsApp: vidonge vya kuongeza damu vinaua watoto, na utafiti uliofanywa hapahapa Pemba umethibitisha. Mjukuu mwenyewe alikuwa ameshapimwa kituoni, wekundu wa damu ukaonekana umeshuka, akaandikiwa dawa ya maji ya kuongeza damu. Bibi akaiweka chupa juu ya kabati la vyombo bila kuifungua.

“Mwanangu, wewe unasoma,” akaniambia. “Hii kweli au uongo?”

Utafiti upo. Ulianza Januari 2002, ukiongozwa na Sunil Sazawal wa Johns Hopkins University, chuo kikuu cha Marekani, pamoja na watafiti wa Maabara ya Ivo de Carneri, ile ya Wawi. Zama hizo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba palipo na upungufu mkubwa wa damu, watoto wadogo wote wapewe madini ya chuma, ndiyo yaliyomo kwenye dawa za kuongeza damu, bila hata kupimwa. Pemba ilikuwa na upungufu huo, na malaria tele. Watoto 24,076 wa mwezi 1 hadi miezi 35 wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa madini ya chuma na asidi foliki (aina ya vitamini), wengine hivyo hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa.

Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto ikataka vidonge vya chuma visimamishwe. Waliovipata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kuugua hadi kuhitaji hospitali. Hapa ndipo sauti ya WhatsApp ilipoishia, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Asilimia 12 zaidi haina maana kwamba watoto 12 katika kila 100 walikufa. Maana yake ni kwamba ikiwa watoto 100 walifikwa na masaibu hayo upande wa kidonge kitupu, upande wa chuma, kwa idadi ileile ya watoto, wangefikwa 112.

Na utafiti uleule una sehemu ya pili. Watoto wapatao 2,400 walipimwa damu kabla ya kuanza, na malaria yao ikafuatiliwa na kutibiwa vizuri zaidi. Kati yao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kisha wakapewa chuma, masaibu yalipungua kwa asilimia 38. Kidonge kile kile! Nepal nako, kwenye eneo lisilo na malaria, jaribio la aina hiyohiyo halikuonyesha vifo kuongezeka. Vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma ili vizaliane; hivyo kumpa mtoto chuma huku malaria yake haitibiwi ni jambo moja, na kumpa mwenye upungufu anayekingwa dhidi ya malaria ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana utafiti mmoja, hata uwe mkubwa kama huu, haugeuzwi ushauri peke yake. Kuna watu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanyika juu ya swali moja, yaliyopendeza na yasiyopendeza. Huandika kanuni zao kabla ya kuanza, watu wawili husoma kila jaribio, kila mmoja peke yake, ili mmoja asipitiwe, kisha hupima lipi lilifanywa kwa uangalifu na lipi lina kasoro. Mtandao wa Cochrane, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, unajulikana zaidi kwa kazi hii. Mwaka 2016 ulipanga pamoja majaribio 35 yenye watoto zaidi ya 31,000 wa nchi zenye malaria. Jibu likawa kwamba chuma hakiongezi malaria pale ambapo kinga na matibabu yake vipo. Pasipokuwapo, hatari ipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huohuo ukasema vivyo hivyo: penye malaria, chuma kiende sambamba na kinga, upimaji na matibabu ya malaria.

Zanzibar yenyewe imebadilika tangu hapo. Dawa mseto ilianza kutolewa 2003, zikafuata vyandarua na upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani, na malaria ikashuka mno.

Bado hatua moja, na kwa maoni yangu ndiyo inayoachwa yatima: kutoka kwenye mwongozo hadi kwa bibi. Matokeo ya utafiti wa Pemba yalichapishwa mwaka 2006 kwa Kiingereza, kwenye jarida la madaktari, ilhali watoto ni wa Pemba. Mpango wa Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa kujitolea wa shehia simu zenye maswali na maelekezo ya kumwongoza mama nyumbani kwake, na hiyo ni njia nzuri. Lakini sauti ya dakika moja huingia nyumba nyingi kabla mhudumu hajabisha hodi.

Nilimweleza bibi yote haya barazani, nikamwomba aende na chupa kituoni aulize kipimo cha dozi, na mtoto akipata homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Akatoa simu, akatafuta lile kundi lililomletea sauti, akaweka kidole kwenye alama ya kurekodi.

“Haya, anza tena toka mwanzo. Polepole.”