Chagu Chagu Umakko: yanayosemwa na ukweli wake

Jumamosi ya pili ya Juni kila mwaka, katika mkoa wa Iwate kaskazini mwa Japani, farasi waliovishwa vitambaa vya rangi na kengele tele hutoka hekalu la Onikoshi Sozen, Takizawa, hadi hekalu la Hachimangu mjini Morioka. Hiyo ndiyo sherehe ya Chagu Chagu Umakko: kilomita 14 hivi, mwendo wa saa nne. Picha zake zimesambaa kuliko maelezo yake, na uzushi ukapata nafasi.

Dhana: ni mbio, au gwaride la kivita.
Wanaosema hivyo wanaichanganya na Soma Nomaoi ya mkoa wa Fukushima, ambako wapanda farasi huvaa deraya. Hii ya Iwate ni ya wakulima. Farasi hatimuliwi, mwenyewe humshika hatamu na kutembea naye, na mgongoni mara nyingi hukaa mtoto.

Dhana: Wajapani wanaabudu farasi.
Sozen ni mungu mlinzi wa farasi. Anayeombwa ni yeye; farasi ndiye anayeombewa afya. Na alistahili dua hizo. Ndiye aliyekokota plau na kuvuruga tope la majaruba kabla ya miche ya mpunga kupandwa, ndiye aliyebeba mizigo, na samadi yake ikarutubisha shamba. Katika nyumba ziitwazo magariya, zilizojengwa kwa umbo la kona, zizi liliunganishwa na makao ya watu chini ya paa moja, hivyo hata theluji ikianguka familia iliweza kumwangalia bila kutoka nje.

Siku ya tano ya mwezi wa tano, kwa kalenda ya zamani, jembe liliwekwa chini na farasi akapelekwa hekaluni kuombewa. Kwangu mimi, kumpumzisha mnyama wakati shamba bado linamhitaji ni heshima inayopita mapambo yote anayovishwa.

Dhana: haijabadilika tangu enzi.
Tarehe yenyewe imehama mara mbili: mwaka 1958 ilipelekwa Juni 15 ili isigongane na kazi za shambani, kisha mwaka 2001 ikawekwa Jumamosi.

Dhana: hao ni farasi wa asili wa Nambu.
Mbegu hiyo, iliyolipa eneo hili sifa, imetoweka. Tangu enzi ya Meiji (1868–1912) serikali ilitaka farasi wakubwa zaidi kwa ajili ya jeshi, ikaleta madume ya Ulaya, na damu ikachanganyika. Wengi wa leo ni wale wazito wenye asili ya Percheron na wenzao, na mmoja anaweza kukaribia tani nzima.

Dhana: bado wanalima.
Trekta zilichukua kazi hiyo zamani. Anayefuga farasi wa kuandamana leo hubeba gharama ya malisho na matunzo mwaka mzima, na wafugaji wenyewe wanazeeka. Zamani farasi walifika mia. Miaka ya karibuni ni sitini hivi.